Ubavu Uliokataa Kuvuja

Kivuli cha mlima Kerkis bado kimefunika ghuba, na Argyro Karvela tayari amepiga magoti chini ya tumbo la chombo. Mkono wa kushoto umeshika patasi butu. Wa kulia umeshika nyundo ya mti, yenye kichwa kirefu kilichopasuliwa nyufa mbili makusudi. Anagonga, anagonga, anasita. Anageuza shingo na kusogeza sikio la kushoto karibu na ubao, kama kuku anayekagua punje. Anagonga tena.

"Argyro!" anaita Pantelis Vourliotis, mwenye kiwanda cha kuunda vyombo vya bahari, kutoka juu ya jukwaa.

Nyundo inaendelea kugonga.

"Argyro! We mama, umefia huko chini?"

Mama hageuki. Pantelis anaokota kipande cha mbao na kukirusha. Kinatua karibu na goti lake, ndipo anapoinua uso.

"Unanirushia vitu kama mbuzi?"

"Mbuzi angekuwa ameshaitika. Kesho kasisi anakuja, wageni wanakuja, na wewe bado umelala chini ya chombo. Umebakiza nini?"

"Kumaliza."

"Kumaliza nini?"

"Kumaliza kukusikiliza, ili nifanye kazi."

Mafundi wanacheka, na Argyro anacheka nao. Lakini Pantelis akishaondoka, nyundo inabaki hewani kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Hakumsikia. Si kwamba alimpuuza kama kawaida yake. Hakumsikia kabisa.

Argyro ana miaka hamsini na tisa, na ndiye mtu wa mwisho anayetia kalafati katika pwani hii ya magharibi ya kisiwa cha Samos, kilicho karibu na Uturuki. Kazi yake ni kushindilia nyuzi za pamba na katani katika nyufa za mbao za chombo, halafu kuziba kwa lami ili maji yasiingie. Ni kazi ya magoti, mabega na masikio. Watu wengi wanayajua magoti na mabega. Masikio hawayafikirii.

Nyundo ya kalafati huimba. Nyuzi zikiwa chache, sauti ni nzito, kama mtu anayegonga gunia. Ufa ukijaa, sauti hupanda, ikawa nyembamba na kali kama kijiko kinapogusa glasi. Hapo mkono unatakiwa usimame. Kipimo kingine hakuna.

"Baba alikuwa akinifunga macho kwa leso," anasema. "Anagonga yeye, mimi niseme basi. Nikichelewa, kofi la kisogo. Nikiwahi, kofi la kisogo. Bahati nzuri nilizaliwa na kisogo kigumu."

Baba yake, mzee Isidoros, aliomba mtoto wa kiume na akapata mabinti wanne. Hakupoteza muda kulalamika. Aliwapanga mstari, akatazama mikono yao, akamchukua mwenye viganja vikubwa.

Wakati huo kila kona ya ghuba ilikuwa na chombo kinachoundwa. Kisha ikaja miaka ambayo wavuvi walilipwa fidia na serikali warudishe leseni, na mashua zao za mbao zikapondwa. Argyro alisimama kando ya barabara ya bandari akaangalia tingatinga likipanda juu ya mashua aliyoitia kalafati mwezi mmoja kabla. "Nyuzi zangu zilitoka kama utumbo," anasema. "Nilikwenda nyumbani nikapika dengu. Ulitaka nifanye nini?"

Siku hizi analipwa euro themanini kwa siku, zikipatikana siku. Mwaka jana hazikufika hamsini. Miezi mingine anachuma zeituni za watu, na mumewe Fanouris anaendesha basi la shule.

Ndiyo maana Polyxeni ilipokuja, ilikuja kama mvua.

Polyxeni ni bratsera, chombo cha milingoti miwili cha aina iliyokuwa ikibeba divai tamu, zabibu kavu na ngozi kutoka Samos kwenda bandari za Chios, Smirna na Pireo, zamani za mababu. Wasamo wanaoishi Pireo walichangishana ili kijengwe kimoja kipya kinachofanana na vile vya zamani, ubao kwa ubao, kwa misonobari ya mlima Kerkis. Mpango ni kukipakia mapipa ya divai mwezi wa Septemba na kukipeleka Pireo kwa tanga tupu, bila mashine.

Lakini michango ilikwama katikati. Chombo kikabaki nchi kavu kiangazi baada ya kiangazi, kikipigwa na upepo wa kaskazini ambao hapa haukosi. Mbao zikakauka kama mkate wa mabaharia. Nyufa zikapanuka mpaka ukiingia ndani unaona mwanga wa nje.

Hapo ndipo kazi ya Argyro ilipokuwa ya hatari, na hatari yenyewe si ile anayoidhani mtu wa kawaida.

Mtu wa kawaida anaogopa chombo kitakachovuja. Argyro anaogopa kisichovuja. Ubao mkavu ukiingia majini unakunywa na kuvimba. Kwa hiyo ufa wake unatakiwa kuachiwa nafasi. Siku ya kwanza maji yataingia, bomba litayatoa, na ubao ukishavimba utajifunga wenyewe juu ya nyuzi. Lakini ukishindilia ufa mkavu mpaka mwisho, ubao hauna pa kwenda. Utamsukuma jirani, jirani atamsukuma jirani, mpaka misumari ing'oke kwenye mataruma, zile mbavu za mti za ndani, na ubavu wote ufumuke. Na unaweza kufumuka wakati wowote, hata chombo kikiwa katikati ya bahari na watu ndani.

Tangu Krismasi Argyro alikuwa akijua kwamba sikio lake la kulia halifanyi kazi vizuri. Nyumbani televisheni ilikuwa ikipanda sauti kidogokidogo.

"Habari ya saa mbili wanaisikia hadi Uturuki," Fanouris alimwambia. "Wao wana habari zao, mama Kalliroi. Waonee huruma."

"Hiyo televisheni ni mbovu."

"Televisheni ni mbovu, simu ni mbovu, mimi nanong'ona. Kisiwa kizima kimeharibika isipokuwa wewe."

Binti yao Kalliroi, anayeuza katika duka la dawa mjini Karlovasi, alimwekea miadi kwa daktari mara mbili. Mara zote mbili mama alikuwa na lami inayochemka jikoni. Hakuwa na lami yoyote inayochemka.

Kwa nini hakwenda? Jibu lake ni fupi. "Ukishasema kalafati haisikii nyundo, umeshamzika. Kilichobaki ni kugawana vyombo vyake."

Kwa hiyo alifanya kazi na kunyamaza. Alisogeza shingo, akaamini mkono, akajiambia kwamba mkono wenye miaka arobaini ya kazi hausahau. Ubavu wa kulia wa chombo ulimpa amani. Ubavu wa kushoto ulimpa usingizi mbaya, na hakuweza kusema kwa nini. Nyundo upande ule ilionekana kama inaimba kwa aibu. Alikuwa akigonga zaidi ili aisikie.

Siku ya kushua, ya kuteremsha chombo majini, ilifika na jua kali. Meza zilitandikwa chini ya turubai, mbuzi wakawekwa motoni, kasisi akachovya mrehani katika maji ya baraka na kurashia omo mbele, tezi nyuma, na vipara vya wageni. Myrto Delapatra, mhandisi wa mradi, binti wa Pireo mwenye miaka thelathini na kitu, alikuwa akizunguka akikagua mabomba matatu ya umeme aliyoyadai kwa nguvu. Pantelis alimtania kwamba ameleta mabomba ya kuzima moto wa mji mzima. Myrto alimjibu, "Mji ukiungua, fundi, usije kwangu."

Katika ghuba hii, aliyetia kalafati hakai na wageni wakati wa kushua. Anashuka ngamani peke yake, chini kabisa ndani ya chombo, na anateremka majini pamoja na chombo. Akifika ndiye anayesema hali. Ni desturi ya zamani, na mzee Isidoros alikuwa na maelezo yake: kama umeua, uwe wa kwanza kufa.

Argyro alishuka na tochi. Alisikia, au alihisi miguuni, vigingi vikigongwa. Chombo kikatikisika, kikaanza kuteleza juu ya shahamu, kwanza polepole kama mtu anayejifikiria, halafu kwa kishindo. Kisha pua ikainuka, ikashuka, kukawa na utulivu ule wa maji.

Alimulika ubavu wa kulia. Matone yalikuwa yakijitokeza kwenye kila ufa, yakaungana, yakashuka kama jasho la mtu anayelima. Akashusha pumzi. Hivyo ndivyo.

Akageuza tochi mkono wa kushoto.

Pakavu.

Alisubiri. Akapitisha kidole. Akavua kitambaa cha kichwa, akakipangusa kwenye ufa wa chini kabisa, ule ulio karibu na mkuku, uti wa mgongo wa chombo, ambako maji hukandamiza zaidi. Kitambaa kilirudi na vumbi la randa.

"Mama Argyro!" Myrto alikuwa ameinama kwenye mlango wa ngama. "Tunavuja?"

Ilibidi aite mara mbili.

"Mkono wa kulia, vizuri tu."

"Na kushoto?"

Argyro anasema hapo ulimi ulikuwa mzito kama kiatu kilicholowa. "Kushoto pakavu."

Myrto akageuka na kupaza sauti kwa watu: upande mzima hauna hata tone! Makofi yakalipuka. Kengele ya kanisa ikapigwa. Mtu akafyatua bunduki ya kuwindia hewani.

"Kule juu walikuwa wanashangilia kosa langu," anasema Argyro, "na mimi nimesimama ndani yake."

Mezani alipewa kiti karibu na kasisi. Aliwekewa mbuzi, mbaazi za tanuri, glasi ya divai tamu. Hakugusa. Fanouris, ambaye anamjua mkewe kwa jinsi anavyoacha mkate, alisogeza kiti.

"Kula, mama Kalliroi. Au mbuzi naye ni mbovu?"

"Nimeua ile meli."

"Iko pale. Inaelea."

"Nimeshindilia kushoto kupita kiasi. Ubavu wote. Sikuisikia nyundo, Fanouris. Sikuwa naisikia."

Fanouris akaweka uma chini. Hakuuliza kama ana hakika. Aliangalia chombo, akamwangalia Pantelis aliyekuwa akicheza mikono ikiwa juu, kitambaa kikipepea. "Mwambie kesho," alisema. "Mwache mtu amalize ngoma yake."

"Ubao haungoji ngoma."

Basi aliinuka, akapita katikati ya wachezaji, akamshika Pantelis mkono. Pantelis alidhani amekuja kucheza.

"Hatimaye! Pigeni makofi, kalafati anacheza!"

"Njoo ngamani."

"Sasa?"

"Sasa, na tabasamu hivyohivyo mpaka tufike."

Walishuka watatu, maana Myrto aliwaona na kuwafuata. Chini, Argyro alisema yote kwa sentensi chache. Pantelis alisikiliza hadi mwisho.

"Tangu lini?"

"Krismasi."

"Krismasi! Na jana nakuita kama ng'ombe, unanijibu mzaha! Argyro, nimeiweka nyumba ya mama yangu dhamana kwa ajili ya hiki chombo. Unajua nimewapa mkono wachangiaji wangapi leo? Hata siwezi kukutukana, nina kasisi pale juu."

"Nitukane kesho. Leo angalia."

Wakaangalia. Pantelis alipitisha kiganja kwenye mataruma, moja baada ya jingine, kuanzia tezi. Karibu na katikati alisimama. Akaomba tochi. Pale ambapo ubao ulikaa juu ya taruma palikuwa na ufa mpya mwembamba, unaopitisha ukucha, na mbao mpya ya msonobari ikichungulia ndani yake, nyeupe. Asubuhi haukuwepo.

Juu yao miguu ya watu ilikuwa ikicheza.

Myrto alichukua tochi, akamulika kulia, kisha kushoto. Hakulaumu. Aliuliza, "Kwa nini kushoto tu? Kama ni masikio, mbona kulia ni sawa?"

"Ningejua ningekwambia, mwanangu."

"Huwa unaanzia wapi?"

"Tezi. Naenda omo. Daima."

"Pande zote mbili?"

"Pande zote. Ndivyo inavyofanywa."

Myrto akasimama katikati ya ngama, akageuza uso kuelekea omo, akanyoosha mikono kama mtu anayejipima nguo. Kisha akasema taratibu: anayefanya kazi nje, upande wa kulia wa chombo, huku akielekea omo, mbao ziko mkono wake wa kushoto. Sikio zima liko kwenye mbao. Akihamia upande wa kushoto, akaanza tena tezi kwenda omo, mbao ziko mkono wake wa kulia.

"Sikio bovu," alisema Argyro. Akakaa chini palepale, kwenye maji.

Miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba upande una maana. Baba yake alianzia tezi, na baba wa baba yake, kwa hiyo alianzia tezi. Utaratibu uleule uliomlea ndio uliokuwa ukimkabidhi ubao kwa sikio lililokufa.

Pantelis alitaka wageni waondoke kwanza. Myrto alisema hapana: kila saa majini ni misumari zaidi. Wakabishana kwa kunong'ona, jambo ambalo Argyro hakulisikia, akabaki kutazama midomo yao. Mwishowe Pantelis alivua koti lake la sherehe, akalikunja, akampa Fanouris, akaenda kuwasha winchi mwenyewe.

Ndivyo Polyxeni ilivyovutwa kurudi nchi kavu alasiri ya siku ileile iliposhuliwa, watu wakiwa bado na glasi mikononi. Muziki ulikufa kipande kwa kipande. Mzee mmoja mezani aliuliza, kwa sauti ambayo hata Argyro aliisikia, "Imesahau nini nyumbani?"

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Mkahawani walisema meli ya Pantelis inaogopa maji kama paka. Mwenye duka la mikate alimwambia Fanouris kwamba mkewe angebaki na zeituni, zeituni hazizami. Fanouris alimwachia mikate yake kaunta, na tangu hapo anaendesha hadi kijiji cha pili kununua mikate.

Kalliroi naye hakuomba tena ruhusa. Alikuja na gari, akafungua mlango, akasema, "Panda, mama. Na usiniambie kuna lami, nimeshanusa jiko lako."

Daktari wa Karlovasi alimpima masikio kwa vifaa, akamchorea mstari uliokuwa ukianguka kama ngazi. Sikio la kulia limepoteza karibu sauti zote nyembamba. La kushoto limeanza. Si ugonjwa, alisema, ni nyundo yenyewe, miaka yote bila kuziba masikio. Kifaa cha kumsaidia ni zaidi ya euro elfu moja kwa sikio, na bima inalipa sehemu.

"Nilimuuliza kama kitanirudishia sauti ya nyundo," anasema Argyro. "Akaniambia kitanirudishia sauti ya mume wangu. Nikamwambia hiyo sikuja kuitafuta."

Aliporudi kiwandani, Pantelis alikuwa na simu mkononi. Alikuwa anataka kumpigia kalafati mmoja wa Perama, bara, mwanamume mwenye jina.

"Mpigie," alisema Argyro. Akaanza kukusanya patasi zake kwenye sanduku, moja moja, akizifuta. Anasema alitaka azifute taratibu ili macho yamkauke.

Myrto alikuwa kwenye ngazi. "Kwa nini asianzie omo?" aliuliza. "Upande wa kushoto tu. Aende tezi. Sikio zima litakuwa kwenye mbao."

"Haifanyiki," alisema Argyro.

"Nyuzi zinakataa?"

"Nyuzi hazijui. Haifanyiki tu. Baba hakufanya hivyo."

"Hiyo si sababu, mama. Hiyo ni picha ya ukutani."

Pantelis alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu sherehe, na kilimtoka vibaya, kama kikohozi. Akarudisha simu mfukoni. Lakini aliweka sharti: atasimama nyuma yake. Kwa kila ufa, kila mmoja atanyanyua mkono akisikia nyundo imepanda, bila kutazamana, na Myrto atawaangalia wote wawili. Wakitofautiana, ufa unafumuliwa.

Kwanza ilibidi Argyro afumue alichokifanya. Alichomoa nyuzi zake kwa ndoana, kamba ndefu nyeusi, akizirundika miguuni. Zilikuwa zimebana mpaka nyingine zilikatika. Pantelis aliokota moja, akaiangalia, akairudisha kwenye rundo. Misumari iliyolegea aliirudisha yeye mwenyewe.

Kisha Argyro akahamia omo. Siku ya kwanza mkono ulimgomea. Nyundo ilikuwa ikija kutoka upande asiouzoea, bega lilimuuma, na alijisikia, kwa maneno yake, kama mtu anayevaa suruali kuanzia kichwani. Lakini sauti ilikuwepo. Ilipanda, nyembamba, safi. Alinyanyua mkono. Nyuma yake Pantelis alikuwa amenyanyua wake.

Walikubaliana ufa baada ya ufa. Mara moja tu, karibu na mkuku, Pantelis alinyanyua mkono na Argyro akaendelea kugonga. Myrto akasema, "Hapa." Argyro hakubishana. Alichukua ndoana akafumua, akaanza tena, na safari ile aliufumba mdomo mpaka mashavu yakawa meupe.

Polyxeni ilishuliwa mara ya pili bila turubai na bila mbuzi. Kasisi alituma ujumbe kwamba baraka ya kwanza bado inafanya kazi. Wageni hawakualikwa. Mafundi walikuwa wamevaa nguo za kazi, na mkahawa mzima ulikuwa umesimama barabarani ukijifanya unapita.

Argyro alishuka ngamani. Anasema kuteleza kulikuwa kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza, ingawa haiwezekani. Chombo kilipotulia, hakumulika kulia. Alimulika kushoto moja kwa moja, na kwa muda hakukuwa na kitu, ubao tu na lami.

Halafu tone moja likatoka karibu na mkuku. Likafuatiwa na jingine. Kisha ubavu wote ukatoka jasho, juu hadi chini, na maji yakaanza kutiririka kwenye mataruma.

Juu Pantelis hakuweza kungoja. "Sema, mama! Hali gani?"

"Tunavuja!" alipiga kelele. "Pande zote! Tunavuja kama kapu!"

Pantelis akajipiga alama ya msalaba. Barabarani watu hawakuelewa kwa nini mafundi wanakumbatiana. Myrto akawasha mabomba yake yote matatu, na yote matatu yakahitajika. Pantelis aliyatazama yakimwaga maji baharini, akamwambia, "Haya. Mji umeungua."

Tangu hapo Argyro ameshuka ngamani kila asubuhi. Mabomba yamepungua, mawili, kisha moja, na sasa hilo moja linaguna kidogo tu asubuhi na kunyamaza. Mbao zinavimba na kujifunga, pande zote kwa pamoja. Lakini bado hajatulia. Anapitisha kiganja kwenye kila taruma la kushoto, anatafuta ufa wa ukucha, hauoni, na kesho yake anarudi kuutafuta. Fanouris anasema hata kitandani anapapasa ubao wa kichwani.

"Bahari ya hapa ndani ya ghuba ni maji ya beseni," Argyro anasema. "Chombo bado hakijapigwa na wimbi. Nitajua tukifika bahari wazi, upepo ukikilaza upande wa kushoto."

Atakuwepo. Septemba, Polyxeni ikibeba mapipa yake kwenda Pireo, Argyro atasafiri ngamani na tochi. Pantelis alimwambia si lazima, desturi inahusu kushua tu. Alimjibu kwamba yeye ameshabadilisha desturi moja mwaka huu, na hii ya pili anaibadilisha kwa kuirefusha.

Kifaa cha sikio kimeagizwa. Mafundi wawili wa Pantelis, watu wazima wenye watoto, wameanza kukaa naye Jumamosi kujifunza kugonga. Mmoja ana sikio zuri na mkono mbovu. Mwingine kinyume chake. Argyro aliwahi kumuuliza Kalliroi kama angependa kujifunza, na binti akamwonyesha kucha zake zilizopakwa rangi, mjadala ukaisha.

Na ameweka sharti lake mwenyewe, safari hii bila kusukumwa na mtu. Kila mwaka kabla ya msimu, Pantelis atasimama tena nyuma yake, na Myrto akiwepo kisiwani ataangalia mikono. Wakitofautiana zaidi ya mara moja, nyundo inakwenda kwa mwingine.

"Atakayeniambia inatosha awe Pantelis," anasema Argyro Karvela. "Nisije kuambiwa na bahari. Bahari haimwambii mtu mmoja. Inawaambia wote waliomo."